Yai Zima la Mama Kantini

Yai la sita lilichanika Jumatatu asubuhi, na fundi saa akalitazama kama mtu aliyetukanwa mbele za watu.

Usidhani alikuwa mzembe. Huyu ni mtu aliyekaa miaka arobaini kwenye benchi lake la kazi pale sebuleni, karibu na dirisha la barabarani, akifungua saa za mkononi za akina mama zenye skrubu ndogo kuliko punje ya ufuta, na wapita njia walikuwa wakisimama dirishani kumtazama tu, wanastaajabu. Mikono ile ile sasa ilikuwa imeshika yai la kuchemsha, na yai lilikuwa linamtoa jasho. Kila alipobandua kipande cha ganda, ganda liliondoka na weupe wa yai, likaacha shimo, na ndani ya shimo kiini kikachungulia. Alipofika mwisho alikuwa ameshika kitu cha kutia huruma, kimeparuka kila upande.

"Una nini na mimi, wewe?" aliliuliza yai. Yai lina jibu gani? Akaliweka kwenye kisahani hivyo hivyo, akanyunyiza chumvi kidogo, akalipeleka chumbani kwa mkewe.

Mkewe alikuwa kitandani, ameegemezwa mito mitatu. Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mama Kantini, kwa sababu alisimamia kantini ya kiwanda cha nguo miaka thelathini na moja, na kabla wafanyakazi wa zamu ya asubuhi hawajaingia, yeye na wenzake watatu walikuwa wameshachemsha mayai mia mbili na kuyamenya yote. Mia mbili, kila siku ya kazi! Na yalikuwa yanatoka laini, yanateleza, huoni hata mkwaruzo. Alikuwa na sheria moja ambayo mtu akiivunja anakiona cha mtema kuni: yai lililochanika haliendi mezani kwa mteja. Linaenda wapi basi? Linaenda nyumbani, ndani ya kopo, kwa mumewe. Fundi saa alikula mayai yaliyochanika miaka yote hiyo, na mkewe alikuwa akiwaambia watu mbele yake, tena kwa sauti, "Msinihurumie nikikosea. Ninalo jalala langu nyumbani, limevaa miwani." Watu wanacheka, naye anacheka, huku anatafuna.

Miezi miwili iliyopita kiharusi kilimpiga Mama Kantini akiwa anaanika nguo. Kilichukua mkono wa kulia, kikachukua mguu wa kulia, kikabeba na maneno yote. Mwanamke aliyekuwa akigomba jikoni mpaka walinzi wa getini wanasikia, leo hata "aa" haimtoki. Hayo yote fundi saa alijikaza kisabuni akayabeba. Kumwogesha alimwogesha, kumgeuza alimgeuza, kumchana nywele alijifunza ukubwani. Lililomshinda ni hili la mwisho, kwamba wiki mbili sasa Mama Kantini alikuwa hataki kula.

Nesi wa zahanati alikuja, akampa maji, akampa uji kijiko kimoja kimoja huku amemwekea vidole kooni, akasema kumeza anameza vizuri, koo halina tatizo. "Hataki tu, mzee," alisema akifunga mkoba wake. "Mbembelezeni." Mbembelezeni! Kana kwamba kuna kazi nyingine aliyokuwa akiifanya kutwa kucha. Vijiko vinne vya uji kwa siku, basi, na hivyo navyo ni kwa kubanana. Mifupa ya mabega ilikuwa imeshaanza kuchomoza chini ya gauni.

Binti yao alifika Jumapili kwa likizo ya wiki moja, kutoka mji anakofanya kazi, safari ya saa nane kwa basi. Ni mtu wa ofisi ya maji, mtu wa fomu na mihuri, anapenda mambo yanyooke. Alimtazama mama yake mara moja, akatoka nje, akalia nyuma ya tangi la maji, akanawa uso, akarudi na kusema alichokusudia kusema. Ijumaa saa tatu asubuhi gari litakuja. Mama atapelekwa hospitali kubwa kule kwake, atawekewa mpira wa kupitishia chakula puani, na akipata nafuu atabaki naye.

"Na mimi?" fundi saa aliuliza.

"Baba, kwangu ni chumba na sebule, ghorofa ya nne. Wewe mwenyewe ngazi mbili tu zinakutwetesha. Utakuwa unakuja kumwona."

Mzee alishika ukingo wa benchi lake. Alikuwa na mwanamke yule miaka arobaini na sita. Alijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba akitolewa kwenye mlango ule kwa machela hataingia tena kwa mlango ule. Atafia mikononi mwa watu wasiojua kwamba hapendi kufunikwa miguu, wala kwamba ukimsemesha kabla hajanawa uso hamtasalimiana siku hiyo. Aliogopa, nakwambia.

"Na akila?" aliuliza.

"Akila nini?"

"Chakula. Cha kutafuna. Akamaliza mwenyewe, kabla ya Ijumaa."

Binti hakuwa mtu mbaya, na mtu asije akamwelewa vibaya hapa. "Akila chakula kimoja tu akakimaliza, baba, gari nalizuia. Naapa."

Ndiyo maana Jumatatu ile fundi saa alikuwa jikoni tangu alfajiri. Wali laini alishapika, viazi vya kuponda alishaponda, papai alishakata vipande kama vya mtoto, na vyote jibu lilikuwa moja: Mama Kantini anageuza uso ukutani. Yai ndilo lililokuwa limebaki. Na yai gani, sasa? Si la dukani. Jirani yao wa ukuta mmoja alikuwa anafuga kuku, na fundi saa alikwenda mwenyewe kumwomba yale yaliyotagwa asubuhi hiyo hiyo. Mgonjwa hapewi kitu kilicholala. Jirani alimpitishia sita juu ya ukuta, bado yana joto.

Basi aliingia chumbani na lile la sita, lililochanika kama wenzake, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaweka kisahani juu ya shuka.

Mama Kantini alifungua macho. Akalitazama yai. Halafu, jamani, upande wa kushoto wa mdomo, ule uliobaki mzima, ukainuka kidogo. Mkono wa kushoto ukatambaa juu ya shuka, ukashika ukingo wa kisahani, ukakisukuma polepole mpaka kwa mumewe.

Fundi saa moyo ulimruka. Wiki mbili mkewe hakuwa amekitupia chakula hata jicho moja, na leo amekitazama, na nusura acheke! Tena amekisukuma kwake yeye, kwa jalala. Hapo wewe ungesoma nini kingine? Alikuwa anasema: hili lako, mimi niletee zima. Alilibugia lile yai pale pale kwa furaha, akakimbilia sebuleni na mdomo umejaa.

"Anataka yai zima!"

"Baba, yai ni yai," alisema binti.

"Kwa mama yako? Yai ni yai kwa mama yako? Wewe umelelewa nyumba gani?"

Binti alitaka kubisha akashindwa, maana kweli nyumba ile aliijua. Alishawahi kunyimwa kwenda kucheza kwa sababu ya mayai matatu aliyoyaparua.

Basi ikawa kazi ni hiyo. Fundi saa alikaa akafikiri kama fundi. Kitu kinachochemshwa kina dakika zake, alijiambia. Hizi dakika ndizo sizijui, na mimi kama kuna kitu ninachokijua duniani ni dakika. Akatoa kabatini saa ya kupimia wakimbiaji, ambayo mwalimu fulani wa michezo aliiacha kutengenezwa asirudi tena, akafungua daftari. Dakika nane: limechanika. Tisa: limechanika. Kumi na nusu: limechanika upande mmoja. Hapo akapata moyo, akajaribu kumi na sekunde arobaini, likachanika kuliko yote. Kumi na tano likawa gumu kama kifutio, na bado ganda halikubali kuachia.

Na ushauri sasa! Ukiwa na shida kila mtu ni bingwa. Jirani wa kuku alisema atie siki. Akatia siki, jiko zima likanuka. Fundi cherehani wa mtaa wa pili alisema chumvi, tena nyingi. Nesi alipopita Jumanne alisema amenyee ndani ya maji. Binti alichungulia simu yake akasema kuna watu wanaweka magadi. Magadi yakaletwa. Wapi! Fundi saa alifika mahali pa kuvaa kioo chake cha jicho, kile cha kutazamia matumbo ya saa, akalilaza yai chini ya taa ya benchi na kuanza kulibandua kwa kibano, kipande kimoja kidogo kidogo, ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo. Alitumia dakika hamsini kwa yai moja. Utando mwembamba ulikuwa umeng'ang'ania kama umegundishwa, na kibano kikipita kinapita na nyama.

"Baba, kula basi hata kidogo," binti alimwambia.

"Nimekula mayai tisa."

Naye binti alikuwa amekula mengi mpaka akasema sasa atataga. Walicheka wote wawili, wakanyamaza haraka, kwa sababu kicheko kilipita ukutani kikaenda chumbani.

Na kila lililochanika alilipeleka hivyo hivyo, kwani huwezi kujua. Kila moja Mama Kantini alilisukuma. Jumatatu mdomo uliinuka. Jumanne asubuhi uliinuka kidogo. Kufikia Jumanne jioni haukuinuka tena, mkono tu ndio ulisogea, na ulichukua muda kukifikia kisahani. Fundi saa aliliona hilo. Aliliona vizuri, kwa sababu kazi yake maisha yote ilikuwa kuona kitu kinachoanza kuchelewa. Akajiambia ni uchovu. Akajiambia mtu mwenye sheria zake akiletewa yai bovu mara kumi na nne lazima achoke.

Jumatano baada ya saa saba mchana ndipo alipokuja Kijiko. Huyu ni mama mmoja mwembamba, ndiyo maana ya jina, aliyefanya kazi chini ya Mama Kantini miaka kumi na tisa na kulizwa naye si chini ya mara mbili kwa mwaka. Aliketi na mgonjwa, akamshika mkono, akamwambia habari za wenzao waliostaafu, nani kahama, nani kanenepa. Mama Kantini alikuwa amefumba macho. Kijiko alipotoka alikuwa anajifuta pua, akamkuta fundi saa jikoni mbele ya bakuli la maganda.

"Hiki nini, shemeji?"

Fundi saa akamweleza yote, daftari mkononi, dakika kwa dakika. Kijiko alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja tu. "Mayai unayatoa wapi?"

"Kwa jirani hapa. Siyo ya kulala. Yanatoka kwa kuku yanaingia sufuriani."

Kijiko alishika fremu ya mlango akacheka mpaka mabega yakatikisika. Kisha akakumbuka kuna mgonjwa, akajiziba mdomo. "Shemeji, Mungu akusamehe. Yai la leo? Yai la leo halimenyeki, hata uite malaika! Linalikumbatia ganda lake kama nini. Dada alikuwa anayalaza trei stoo siku kumi, kumi na mbili. Anaandika tarehe kwa penseli pembeni ya trei. Siku moja niligusa trei iliyoingia juzi tu, wee, nilitamani ardhi ipasuke."

"Siku kumi," alisema fundi saa.

"Si chini ya hapo. Likikaa linapungua ndani, linaachia lenyewe. Unalitumbukiza maji yakiwa tayari yanatokota, ukilitoa unalitupa kwenye maji baridi, unaanzia upande mnene penye hewa. Basi. Dakika zako hizo hazina kosa, hata zile za mwanzo zilikuwa sawa."

Fundi saa alifunga daftari. Miaka arobaini na sita ndani ya nyumba moja na hakuwahi kuambiwa. "Mbona hakunieleza?"

"Akueleze ya nini? Wewe ulikuwa wa kula."

Kabla ya kuondoka Kijiko alimwonyesha na jinsi ya kulijua. Alijaza maji glasi, akatumbukiza yai la jirani, likalala chini ubavu. "Hili jipya. La kwetu kantini linasimama wima, ncha chini, lakini halielei. Likielea, litupe, hilo limekufa."

Siku kumi za kusubiri hazikuwepo. Ilikuwa Jumatano saa tisa, na gari ni Ijumaa saa tatu. Fundi saa alivaa viatu, akachukua glasi, akatoka.

Sasa wewe jaribu siku moja kuingia dukani ukaombe mayai ya zamani. Duka la kwanza alisalimia vizuri, akauliza, na mwenye duka akakunja uso. "Mzee, nani kakutuma? Watu wa afya?" Duka la pili kijana aliapa kwa mama yake mzazi kwamba mayai yote yameletwa leo, na fundi saa alipomsihi, tafadhali, hata la wiki iliyopita, kijana alikasirika akamwambia pale hakuuzwi uchafu. Sokoni mama mmoja alimhurumia, akamchagulia yale meupe zaidi, mapya kabisa, akadhani mzee kachanganyikiwa na hajui anachotaka. Glasi nayo aliibeba mkononi njia nzima, maji yanamwagikia shati, watu wanampisha. Mtaa mzima wenye mayai uliapa kwamba kuku wametaga leo. Siku nyingine ungesema hao ni waongo wakubwa. Siku hiyo alitamani sana wawe waongo.

Duka la sita lilikuwa dogo, la mama mtu mzima mwenye miwani kama yake. Hapo fundi saa hakuuliza tena kwa ujanja. Aliweka glasi juu ya kaunta, akasema, "Mama, mke wangu hali. Anataka yai zima, na jipya halimenyeki. Nimezunguka."

Yule mama alichungulia nje kwanza, kulia, kushoto. Akainama nyuma ya magunia ya mchele, akatoa trei yenye vumbi. "Haya yalisahaulika huku. Yana kama siku kumi na tatu. Usimwambie mtu."

Fundi saa alichukua moja akalitumbukiza kwenye glasi. Lilishuka, likayumba, likasimama wima. Nusura apige magoti.

Alhamisi asubuhi binti alikwenda zahanati kuchukua barua ya rufaa. Fundi saa alibaki peke yake jikoni, na alishukuru. Alisubiri maji yatokote sawasawa, akateremsha mayai matatu kwa kijiko, taratibu. Dakika kumi na moja. Akayahamishia kwenye bakuli la maji ya barafu, akasubiri, akachukua moja, akaligonga upande mnene mezani, akalisugua kidogo kwa kiganja. Akaingiza ukucha wa kidole gumba.

Ganda likavuka. Lilivuka kama soksi, vipande viwili vikubwa na utando wake ndani, na yai likabaki limekaa kiganjani, jeupe, laini, linang'aa, hakuna shimo, hakuna mkwaruzo. Fundi saa alicheka peke yake kwa sauti. Aligeuza upande huu, akageuza upande ule, akavaa na kioo cha jicho akalitazama tena, mzee mzima. Lilikuwa zima. Angelipeleka mezani kwa mkurugenzi wa kiwanda na Mama Kantini asingesema kitu.

Akalipangusa, akaliweka kwenye kisahani cha maua kilichokuwa kinatoka kwa wageni tu, akaenda nalo chumbani.

"Mama," alisema. "Amka uone."

Mama Kantini alifungua macho. Alilitazama yai kwa muda mrefu. Kisha mkono wa kushoto ukaja, na kidole kimoja kikapita juu ya yai, kikalizunguka, kikarudi kilipoanzia, vile vile alivyokuwa akikagua kazi za wenzake.

"Umeona? Trei ya siku kumi na tatu. Kijiko ndiye kaniambia, na nitakugombeza ukipona, miaka yote unanificha. Haya, kula. Nikukatie? Nisikukatie, eh? Kula zima hivyo hivyo."

Mkewe alimtazama usoni. Macho yalikuwa yake, yale yale, hayakupotea popote wala hayakuwa na hasira. Mkono ukashuka kwenye ukingo wa kisahani. Ukakisukuma. Kisahani kikatambaa juu ya shuka mpaka kikagusa goti la fundi saa.

"Hapana," alisema. "Hapana, mama. Hili si langu. Langu ni lile lililochanika. Hili lako." Akakirudisha.

Akakisukuma tena.

"Basi hata nusu. Hata weupe tu, kiini niachie mimi." Alimega kwa vidole, akampelekea mdomoni, na midomo ikabaki imefungwa, si kwa ubishi, ilifungwa tu. "Mama, gari linakuja kesho. Watakuchukua. Mimi sitaweza kupanda zile ngazi. Kula kidogo nikuombe, kidogo tu nikuombe."

Mama Kantini alimpapasa mkono, mara moja, mara mbili. Halafu akageuza uso ukutani.

Fundi saa alikaa pale na kipande cha yai vidoleni. Siku nne alikuwa na kazi ya kufanya. Alikuwa na dakika za kubadilisha, siki ya kuongeza, maduka ya kuzunguka, na kila yai lililochanika lilimwachia lingine la kujaribu. Alifikiri wapi pengine pa kwenda, nani wa kuuliza, akakosa. Yai lilikuwa zuri na mkewe alikuwa hataki kula. Hakulikataa kwa sababu ya mashimo. Hata yale ya mwanzo hakuyakataa kwa sababu ya mashimo, alikuwa anampa mumewe chakula tu, kama alivyompa siku zote. Machozi yalimtoka fundi saa bila sauti yakaingia ndevuni.

Geti likalia. Viatu vya binti vikasikika uani.

Hapo sijui ni nini kilimwingia. Aliinuka upesi kupita umri wake, akaenda na kisahani mpaka jikoni, akalikamata lile yai kwa mkono mzima na kuliminya. Aliliminya mpaka kiini kikamtokea katikati ya vidole, akalivuruga, akalitawanya juu ya maua ya kisahani. Binti aliposimama mlangoni, bahasha ya rufaa mkononi, alimkuta baba yake anatweta.

"Vipi, amekula?"

"Limechanika," alisema fundi saa. "Limechanika tena, mwanangu. Angekula. Lingekuwa zima angekula."

Binti aliweka bahasha mezani. Akatazama kisahani. Akatazama na maganda kando ya sufuria, vipande viwili vikubwa, visafi, kila kimoja na utando wake ndani. Alikuwa amemenya mayai katika nyumba ile tangu akiwa na miaka sita, na alijua ganda la yai lililochanika linafananaje. Alichukua kipande kimoja cha yai kutoka kwenye kisahani. Upande wake wa nje ulikuwa laini, unateleza. Akakigeuza vidoleni, kisha akakitia mdomoni akatafuna polepole, akameza.

"Pole, baba," alisema. "Labda maji hayakuwa yametokota vizuri."

"Labda."

"Yamebaki mangapi?"

"Mawili hapa. Na mengine kwenye trei."

"Tutajaribu tena kesho mapema. Kabla ya saa tatu."

"Ndiyo," alisema fundi saa. "Kabla ya saa tatu."

Binti alimfungulia bomba, akamshika mkono kama mtoto, akamwosha kiini kilichokuwa kimeingia kwenye kucha, kidole kimoja kimoja. Akamkausha kwa taulo la jikoni. Kisha akaenda chumbani, akafungua kabati taratibu asimwamshe mama yake, akaendelea kukunja nguo za mama na kuzipanga kwenye begi.